Mbuta, omena na mgongo wazi: Uvuvi wa Ziwa Victoria unapimwaje?

JIONI inapoingia katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, makaango huanza kuchemka kando ya njia. Kuanzia Gatwekera na Kisumu Ndogo hadi soko la Toi, na upande wa pili kuanzia kituo cha matatu za nambari 46 hadi Gatina, mteja huchagua kwa kutazama mfuko wake: mbuta mzima aliyekaangwa, kipande cha ngege, mgongo wazi, au omena wanaopimwa kwa mkebe na gorogoro.

Sehemu kubwa ya samaki hao hutoka Ziwa Victoria, takriban kilomita 350 kwa barabara. Hupakiwa katika mabasi na malori ya usiku, omena wakiwa katika magunia na mbuta wakiwa ndani ya barafu. Wengi hupitia soko la Gikomba kabla ya wachuuzi wa mitaani kuwagawana alfajiri.

Mnunuzi huwaona kama bidhaa nne tofauti, zenye bei nne tofauti. Kwa mtaalamu wa uvuvi, hao ni mavuno ya maji yale yale. Samaki mmoja humla mwenzake, wavu mmoja huwanasa wote wawili, na sheria iliyotungwa kumlinda huyu humgusa yule. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nchi tatu zinazomiliki ziwa hilo zimelishughulikia kwa karibu karne nzima: uvuvi wa samaki wa aina nyingi kwa pamoja hupimwa kwa kigezo gani, ili ijulikane kama ni endelevu au unaelekea kuporomoka?

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita 68,800 za mraba. Tanzania inamiliki karibu nusu yake na Uganda zaidi kidogo ya asilimia 40, huku Kenya ikiwa na asilimia sita tu. Ziwa hilo hutoa takriban tani milioni moja za samaki kwa mwaka. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni omena, wale ambao Watanzania huwaita dagaa na Waganda mukene.

Takwimu hiyo ya tani milioni moja hupendwa sana katika hotuba. Yenyewe peke yake, hata hivyo, haisemi mengi. Ziwa linaweza kutoa uzito ule ule mwaka baada ya mwaka ilhali aina za samaki zinabadilika kabisa, wakubwa wakitoweka na wadogo wakishika nafasi zao. Tani moja ya omena na tani moja ya mbuta ni sawa kwenye mizani, lakini si sawa majini, wala si sawa katika sufuria ya familia ya Laini Saba.

SHERIA YA INCHI TANO

Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Miaka minne baadaye, mnamo 1905, nyavu za kutegesha zilizotengenezwa ng'ambo ziliingizwa katika ghuba ya Kavirondo, ambayo leo huitwa Ghuba ya Winam. Kabla ya hapo wakazi wa kandokando ya ziwa walitegemea vikapu, ndoana na uzio wa matete. Nyavu mpya zilimlenga ngege, samaki wa asili aliyependwa kuliko wote, na reli ikampa soko la mbali.

Haukupita muda mrefu kabla ya mavuno kwa kila wavu kuanza kupungua. Serikali ya kikoloni ilimwita mtaalamu kutoka Uingereza, Michael Graham, ambaye alilichunguza ziwa mwaka wa 1927 na 1928. Katika ripoti yake iliyochapishwa mwaka wa 1929, alipendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi tano ili ngege wachanga wapate kupita na kukua.

Kwa ngege peke yake, kanuni hiyo ilikuwa na mantiki. Lakini ziwa halikuwa na ngege peke yake. Kulikuwa na ningu aliyepanda mito kwenda kutaga mayai, mumi, kamongo, seu, na mamia ya aina za samaki wadogo wa rangi nyingi ambao Waluo huwaita fulu. Wengi wao hawakuweza kunaswa na wavu wa inchi tano, na mvuvi aliyewataka alihitaji wavu wa matundu madogo zaidi, ambao nao ulimnasa ngege mchanga.

Wavuvi waliikiuka kanuni, maafisa wakashindwa kuisimamia, na kufikia mapema miaka ya 1960 ilikuwa imefutwa katika nchi zote tatu. Ningu ndiye aliyelipa gharama kubwa, kwani nyavu zilitandazwa kwenye midomo ya mito wakati ule ule alipokuwa akipanda kutaga. Leo kijana wa Kibera aliyezaliwa na wazazi wa Nyanza huenda amelisikia jina la ningu kwa babu yake, lakini ni nadra amwone sokoni.

Graham alikuwa ameacha onyo jingine. Wazo la kumleta ziwani samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine lilikuwa likizungumzwa tangu enzi hizo, naye alitahadharisha kwamba lingekuwa jambo la hatari kubwa pasipo utafiti wa kina kutangulia. Onyo hilo halikuzingatiwa.

MGENI ALIYEMEZA WENYEJI

Mbuta, au sangara, alitiwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na akaongezwa kwa idhini rasmi mapema katika miaka ya 1960. Kwa takriban miaka ishirini alionekana kidogo tu. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliongezeka ghafla, kwanza katika maji ya Kenya na baadaye kwingineko ziwani.

Fulu ndio waliopata pigo. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki hao, na inakadiriwa kuwa takriban 200 zilitoweka. Ngege wa asili naye alisukumwa pembeni na sato, jamaa yake aliyeletwa kutoka nje katika miaka ya 1950. Siku hizi anayeitisha ngege katika hoteli ya Kawangware, kwa kweli huletewa sato, ama wa ziwani ama wa kufugwa. Jina limebaki, samaki amebadilika.

Kwa hesabu ya uzito na fedha, hata hivyo, hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Viwanda vya kusindika minofu vilijengwa Kisumu, Homa Bay na miji mingine, na mbuta akaanza kusafirishwa Ulaya, Israel na kwingineko. Mavuno ya ziwa yaliongezeka mara kadhaa.

Mgongo wazi ni mtoto wa viwanda hivyo. Minofu ilipokatwa na kupelekwa ng'ambo, mifupa yenye nyama kidogo pamoja na vichwa vilibaki. Kina mama wa Obunga, Kisumu, walianza kuvinunua, kuvikausha na kuvikaanga, na biashara hiyo ikafika hadi Nairobi. Kwa namna hiyo mkazi wa Kibera aliingia katika mnyororo wa kimataifa wa biashara ya samaki, akiwa mwisho kabisa wa foleni: nyama ilipanda ndege, naye akauziwa uti wa mgongo.

Kati ya 1997 na 2000, Umoja wa Ulaya uliweka marufuku mara kadhaa dhidi ya samaki wa ziwa hilo, kwanza kwa sababu ya bakteria wa salmonela, kisha kipindupindu, na baadaye mabaki ya dawa za kuulia wadudu. Hatua hizo zilibadilisha usimamizi kuliko sheria yoyote iliyotangulia. Maabara zilijengwa na ufuo ukaboreshwa kwa saruji na barafu. Wakaguzi nao walisimama kwenye lango la kiwanda. Neno kiwanda hapa ni muhimu, na tutaliona tena.

KIPIMO KILICHOSHINDWA

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wataalamu wa uvuvi duniani walitumia kipimo kimoja: mavuno ya juu kabisa yanayoweza kuchukuliwa kila mwaka bila kupunguza uwezo wa samaki kuzaana na kurejea. Kila aina ya samaki ilipigiwa hesabu yake, kana kwamba iliishi katika bwawa lake yenyewe.

Ukikitumia kipimo hicho katika Ziwa Victoria utakutana na kitendawili mara moja. Mbuta hula fulu, omena, duvi wadogo, na hata watoto wake mwenyewe. Ukimhifadhi ili afikie mavuno yake ya juu, unawapunguza omena na fulu. Ukimvua kwa wingi, wadogo huongezeka, na ndivyo ilivyotokea tangu miaka ya 1990, ambapo baadhi ya aina za fulu zilizodhaniwa kuisha zilianza kuonekana tena kwenye nyavu. Haiwezekani kupata mavuno ya juu kabisa ya samaki wote kwa wakati mmoja.

Hivyo, kabla ya kuuliza kama uvuvi ni endelevu, sharti iulizwe: endelevu kwa ajili ya nani? Mbuta huleta fedha za kigeni na kodi. Omena hulisha watu wengi zaidi kwa bei nafuu zaidi, tena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, jambo linalomfanya awe na madini ya chokaa ambayo minofu haina. Sayansi inaweza kueleza gharama ya kila chaguo. Haiwezi kuchagua, na maofisa wanaojificha nyuma ya wataalamu katika jambo hili hawawatendei haki wananchi.

Nchi tatu zilitia saini mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria mwaka wa 1994, mjini Kisumu. Makao yake yako Jinja, Uganda, na sasa ni mojawapo ya taasisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchini Kenya, utafiti hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iliyoundwa mwaka wa 1979.

Chini ya shirika hilo, vipimo kadhaa hutumiwa kwa pamoja. Cha kwanza ni kuhesabu wavuvi, mashua na zana katika fuo zote, kazi iliyoanza mwaka wa 2000 na kukusudiwa kufanyika kila miaka miwili. Hesabu ya kwanza ilipata wavuvi takriban 129,000. Miaka kumi na miwili baadaye walikuwa wamepita 200,000. Mavuno ya ziwa zima hayakuongezeka kwa kasi hiyo, maana yake fungu la kila mvuvi lilipungua, hasa kwa anayetegemea mbuta.

Kipimo cha pili ni cha mawimbi ya sauti. Chombo maalumu huvuka ziwa kikituma sauti chini ya maji na kusoma mwangwi unaorudi, kisha wataalamu hukadiria wingi wa samaki. Uchunguzi huo ulianza mwaka wa 1999. Makadirio ya mbuta yalikuwa karibu tani milioni 1.9 wakati huo, yakashuka hadi takriban tani 300,000 mwaka wa 2008, kabla ya kupanda tena katika miaka iliyofuata.

Mporomoko huo ulizua taharuki, na mwaka wa 2009 kampeni ya kumwokoa mbuta ikazinduliwa. Lakini wataalamu wenyewe hawakukubaliana. Wapo waliolaumu nyavu haramu na uvuvi wa kupita kiasi. Wengine walisema kuwa rutuba inayoletwa na mito, mvua, joto na upungufu wa oksijeni katika kina cha maji huamua wingi wa samaki kuliko idadi ya mashua. Aidha, mwangwi wa sauti haupimi vyema maji ya kina kifupi karibu na ufuo, mahali ambapo mbuta wachanga hujificha. Mabishano hayo si ya vyuoni tu, kwa kuwa wanaoshinda ndio huamua kama mvuvi atanyang'anywa nyavu zake.

Pamoja na hayo kuna kipimo rahisi kuliko vyote, ambacho ni urefu wa samaki. Mbuta jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume, kwa kawaida akiwa amepita sentimita 60. Nchi za ziwa zilikubaliana kuwa viwanda visipokee mbuta aliye chini ya sentimita 50 wala aliyezidi 85, ili wadogo wakue na wakubwa waendelee kuzaa.

SAMAKI WALIOKATALIWA

Hapa ndipo lango la kiwanda linaporejea. Kanuni ya urefu husimamiwa pale ambapo mkaguzi yupo, na mkaguzi yupo mahali ambapo soko la ng'ambo linamtaka awepo. Mbuta wa sentimita 35 aliyekataliwa na kiwanda hatupwi ziwani, kwa kuwa tayari amekufa. Hukaushwa, huokwa kwa moshi au hukaangwa, na kuuzwa katika soko la ndani au kuvushwa mpaka. Katika mitaa kama Kibera, samaki mzima anayetosha sahani moja ndiye hasa anayetafutwa, kwani bei yake inamudu mfuko wa kibarua.

Basi sheria inayosifiwa kwa kumlinda mbuta mchanga huweza kumsukuma tu kutoka soko moja hadi jingine. Mchuuzi wa Kawangware si mkosaji mkuu katika mkasa huu. Yeye hununua kilichofika Gikomba. Lakini tathmini yoyote inayoishia kwenye lango la kiwanda imeacha nje sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa.

Kuna na lile la bondo, kibofu cha hewa cha mbuta, ambacho kina soko kubwa China. Bei yake imepanda kiasi kwamba mbuta mkubwa, yule ambaye kanuni ilitaka abaki akizaa, ndiye mwenye thamani kuliko wote.

Kwa upande wa omena, Kenya iliweka utaratibu wa kufunga uvuvi wake kuanzia Aprili hadi Julai kila mwaka, na ikaagiza matundu ya wavu yasipungue milimita 10. Omena huvuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na sasa nyingi ni za umeme wa jua. Wavu huo huo huzoa fulu na watoto wa mbuta waliofuata mwanga, na ndiyo sababu mojawapo ya kuufunga.

Omena mwenyewe huzaa haraka na huishi muda mfupi, hivyo hustahimili kuvuliwa sana kuliko samaki wakubwa. Wapo wataalamu wanaoona kwamba kufunga uvuvi wake kwa miezi minne ni adhabu isiyolingana na kosa. Isitoshe, kipindi hicho kwa kiasi fulani ni cha mvua za masika, wakati ambapo omena walioanikwa mchangani huoza kwa wingi. Pengine faida kubwa ya kufunga ni kupunguza hasara hiyo ya ufuoni.

Kenya inapofunga, bei hupanda Nairobi, na magunia kutoka Tanzania na Uganda huziba pengo. Gorogoro ya omena inayouzwa Kibera mwezi wa Juni huenda ilivuliwa karibu na Mwanza. Kwa nchi yenye asilimia sita ya maji na soko kubwa lenye njaa, usimamizi wa nyumbani pekee hautoshi.

Usimamizi wa pamoja nao haujakuwa mwepesi. Mgogoro wa kisiwa kidogo cha Migingo uliwasha hasira kati ya Kenya na Uganda kwa miaka mingi. Mwaka wa 2017 Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani kupambana na zana haramu. Wenye viwanda walishangilia kurejea kwa mbuta wakubwa. Wavuvi wadogo, wakiwemo wa omena, walilalamikia kupigwa na kuchomewa mashua. Kenya ilichagua njia nyingine, ya kamati za usimamizi wa fuo, zilizopewa nguvu za kisheria mwaka wa 2007. Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka wa 2016 ilikwenda mbali zaidi kwa kuagiza kwamba mazingira yote ya majini yazingatiwe, badala ya samaki mmoja mmoja.

KUKU DHIDI YA MTOTO

Mshindani mkubwa wa mlaji wa omena leo si mbuta. Ni kiwanda cha chakula cha mifugo. Sehemu kubwa ya omena wa Kenya husagwa kulisha kuku, nguruwe, na hata samaki wanaofugwa katika maelfu ya vizimba vilivyowekwa ziwani tangu miaka ya 2010. Hakuna kipimo cha mavuno kinachoonyesha jambo hilo, kwa kuwa omena huandikwa ufuoni kwa uzito, bila kueleza atakakoishia.

Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba mavuno ya Kenya katika Ziwa Victoria, yaliyokaribia tani 200,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, yalikuwa chini ya tani 100,000 kufikia 2020. Pengo hilo lilivutia sato waliogandishwa kutoka China, ambao wamejaa katika masoko ya Nairobi tangu miaka ya 2010. Jaribio la serikali la kuwazuia mwishoni mwa mwaka wa 2018 halikudumu.

Viwanda kadhaa vya minofu upande wa Kenya vimefungwa kwa kukosa mbuta, na mgongo wazi umeadimika pamoja navyo. Ulikuwa chakula cha asiyeweza kununua samaki. Sasa, katika baadhi ya vibanda, mbuta mchanga mzima amechukua nafasi yake kwenye kaango.

Mtu akipita na utepe wa kupimia jioni moja kati ya Makina na Gatwekera, au katika soko la Kawangware, atapata orodha ya urefu wa samaki ambayo haimo katika rekodi za kiwanda chochote. Takwimu za mavuno, hata hivyo, huendelea kukusanywa ufuoni.